Steringi na adui nani mkali? Namna ya kuupima ubishi ukatoka na jibu

Wana, huu ubishi wa nani anampiga nani kati ya wahusika wa hadithi na muvi, steringi yaani shujaa na adui wake, mi naupenda kuliko hata ubishi wa mpira, na Dar hii kila kijiwe utaukuta, Sinza, Mbagala, kwenye kahawa za Magomeni, hata ndani ya daladala la Gongo la Mboto foleni ikikaza pale Tazara utasikia mtu kaanza, yule mchawi angekutana na yule mfalme nani angebaki? Tatizo ni kwamba wengi tunabishana kwa sauti tu, mwenye koo kubwa ndo mshindi, wakati hii kitu inapimika kabisa na ukiipima vizuri unaielewa hadithi yenyewe mara mbili zaidi.

Kwanza achana na lile swali la nani ana nguvu zaidi. Likiachwa hivyohivyo halina jibu. Uliza wanakutana wapi, siku gani, kila mmoja kaja na nini mkononi, na kubwa kuliko yote, kila mmoja anajua nini kuhusu mwenzake. Kwenye hadithi za kishujaa adui karibu siku zote ndo mwenye nguvu, asingekuwa nazo hadithi ingeisha ukurasa wa kumi, kwa hiyo ukipima misuli kwa misuli steringi atakuwa anapigwa tu. Kinachogeuza matokeo mara nyingi ni siri. Mi siri naihesabu kama silaha kamili, sawa na upanga.

Angalia Sundiata, steringi wa ile simulizi kubwa ya Mali, na adui yake Soumaoro Kanté, mfalme mchawi wa Sosso. Matoleo yako mengi maana magrioti, wale malenga wanaotunza historia, wameisimulia kwa mdomo karne na karne, mi hapa nashika lile aliloliandika Djibril Tamsir Niane mwaka 1960. Mara ya kwanza hawa wawili kukutana vitani Sundiata anarusha mkuki, unampiga Soumaoro kifuani unadunda kama umepiga mwamba. Anavuta upinde, jamaa anaudaka mshale hewani kwa mkono. Sasa hapo ukiulizwa nani mkali utasema nini? Lakini baadaye dada yake Sundiata, Nana Triban, aliyekuwa kaozwa kwa Soumaoro kwa nguvu, anatoroka na siri: kinachommaliza huyu mtu ni kipi cha jogoo, ule mwiba wa mguuni. Wanafika Kirina, mwaka 1235 hivi, Sundiata anapiga mshale wenye hicho kipi kwenye ncha, na haukumchoma hata moyo, umemkwaruza bega tu, Soumaoro akasikia nguvu zinamtoka akakimbia. Watu walewale, mikono ileile, kilichobadilika ni kujua. Ndo maana nasema weka tarehe kwenye ubishi wako, usiseme Sundiata anampiga Soumaoro, sema Sundiata wa Kirina anampiga, yule wa vita ya mwanzo hampigi.

Ushahidi sasa. Hapa ndo watu wengi wanapotea. Ushahidi ni tendo, sifa sio ushahidi. Sisi tuliokulia kwenye mabanda umiza tunajua, mtafsiri anashika maiki, adui anaingia hajafanya kitu bado, mtafsiri anakwambia huyu bwana kashaua kijiji kizima peke yake, na banda lote linashtuka, wakati kwenye muvi yenyewe hakuna sehemu imesema hivyo. Ni burudani safi na hao jamaa ni wasanii kwelikweli, lakini kwenye kupima usiiweke. Weka kile mhusika alichokifanya mbele ya macho yako, halafu weka kile maadui zake walichokifanya kwa kumuogopa, maana mtu anaweza kukusifia bure ila hakukimbii bure.

Mfano wangu wa siku zote ni Fumo Liyongo, shujaa na malenga wa pwani yetu, kwenye ule utenzi wa Muhammad Kijumwa wa 1913. Sultani wa Pate anamuogopa, anapanga auliwe kwa ujanja, wanaandaliwa watu wale kikoa naye, kila siku zamu ya mmoja kupanda mkoma, aina ya mnazi mwitu, kuangua matunda yake, makoma, na zamu yake ikifika akishakuwa juu wamtungue kwa mishale. Zamu ikafika. Liyongo hakupanda, alishika upinde akayaangua makoma kwa mishale akiwa palepale chini. Hebu lisome hilo tendo taratibu. Linakupa shabaha, hiyo kila mtu anaiona, ila linakupa na kitu cha pili ambacho mi naona ni kikubwa zaidi, jamaa anausoma mtego kabla haujafyatuka. Kisha kuna ule mkoba wake aliotembea nao, ndani kinu na mchi, mawe ya kusagia, vyungu, mpaka mafiga. Hiyo ni nguvu ya mwili na huna haja ya mtu kukusifia, piga mwenyewe hesabu ya uzito.

Halafu tenganisha aina za nguvu, usizichanganye kwenye kapu moja. Kuna mwili, kuna uchawi au kipaji, kuna jeshi, kuna ulimi. Anayenisaidia kuonyesha hili ni Sauron, yule adui mkuu kwenye hadithi za Tolkien, mwandishi wa The Lord of the Rings, sio yule wa nchi ya Mordor anayejulikana na kila mtu, yule wa zamani zaidi. Mfalme wa kisiwa cha Númenor, Ar-Pharazôn, anakuja na jeshi kubwa mpaka askari wa Sauron wanamkimbia bwana wao, na Sauron anajisalimisha bila vita, anabebwa mateka. Kwa hesabu ya jeshi kapigwa na wanadamu, hilo halina mjadala. Lakini huyohuyo mateka anakuwa mshauri wa mfalme, anaongea na kuongea mpaka mfalme anaenda kupigana na wenye enzi wa magharibi na kisiwa kizima kinazama baharini. Sasa nani kashinda? Jibu ni kwamba ni mapambano mawili tofauti, jeshi kashinda Ar-Pharazôn, ulimi kashinda Sauron, na ukiulizwa nani mkali lazima uulize tena, kwa lipi?

Kingine cha kukivua ni ile kinga ya steringi hafi. Kila ushindi wa steringi ukague: hiki alichotumia ukikichukua ukampa mtu mwingine, ushindi unabaki? Hukohuko kwa Tolkien, yule bwana wa Wanazgûl, watumishi wa kutisha wa Sauron, aliangushwa na Éowyn, mwanamke mpiganaji, na Merry, mmoja wa wale watu wafupi, na watu wanamtaja Merry kama bahati tu, mtu mfupi kachoma goti kwa nyuma. Hapana. Kile kisu kilitoka kwenye makaburi ya kale, kilifuliwa na watu waliokuwa wanapigana na adui huyohuyo, na ndicho kilichovunja uchawi ulioushika mwili wake. Nguvu iko kwenye kisu. Ila kusimama mbele ya kile kiumbe wengine wote wamekimbia, hiyo hakuna kisu kinachokupa, hiyo ni ya Éowyn mwenyewe na lazima uiandike upande wake.

Haya, tupime pambano moja mpaka mwisho uone inavyokwenda: Liyongo na Soumaoro. Uwanja wazi, mchana, hakuna anayeijua siri ya mwenzake. Liyongo anapiga, shabaha hakosi, lakini mishale yake haina kipi cha jogoo kwa hiyo inadunda. Soumaoro anampiga kwa chuma, na Liyongo silaha haimuui isipokuwa sindano ya shaba kitovuni. Sare. Wanaweza kukesha pale na hakuna anayekufa, na ukisikia mtu anakwambia mmoja kashinda hapo muulize kwa silaha gani.

Sasa wape miezi. Soumaoro ana ufalme, ana mali, ana watu wa kutuma, na Liyongo tayari tunajua alivyoisha, sultani alimrubuni mtoto wake wa kumzaa akaenda kuuliza siri, na kinachoniuma mpaka leo kila nikiusoma ni kwamba Liyongo alitambua mtoto katumwa, akamwambia kabisa watakudanganya, na bado akamtajia. Adui mwenye hela na subira anampata Liyongo kupitia damu yake. Hapo nampa Soumaoro bila kusita.

Lakini geuza kidogo, Soumaoro amkamate hai amfunge. Hapa mambo yanabadilika kabisa. Liyongo alishafungwa, akawa anamwimbia kijakazi Saada mafumbo ambayo walinzi hawakuyaelewa, mama yake akayaelewa, ikaja tupa ndani ya mkate wa wishwa, yaani pumba, ikapigwa gungu, ngoma ya pwani, nje na kelele zake zikafunika sauti ya chuma kinavyokatwa. Na Soumaoro udhaifu wake mwingine unajulikana, alikuwa na balafoni yake ya siri, ala ya mbao ya kugonga, ambayo hata inzi akitua alijua, akamkuta Balla Fasséké, grioti wa Sundiata, anaipiga, na badala ya kumuua akalainika kwa sifa alizoimbiwa. Mtu anayelainishwa na wimbo umemfungia ndani malenga mkubwa kuliko wote wa pwani yetu! Liyongo huyo ataimba mpaka aachwe karibu, atasikiliza, atauliza kwa mafumbo. Hapo naweka Liyongo, mradi kipi cha jogoo akipate kabla mwanae hajafika mlangoni.