Chakra kwa hesabu ya petali

Chakra ni vituo ambavyo mapokeo ya yoga ya India huvichora mwilini kama maua, kila kimoja na idadi yake ya petali. Ondoa kwanza upinde wa mvua. Najua picha unayoifikiria: mtu amekaa kitako, taa saba zinawaka mwilini mwake, nyekundu chini, zambarau juu. Nami nilifika Rishikesh nayo kichwani. Nilikuwa nimempeleka mama Delhi kutibiwa moyo. Alipopata nafuu dada akaja kupokea zamu, nikapanda basi kwenda kwenye mji huo wa kando ya mto Ganga. Mzee aliyetufundisha, pale barazani ambapo ilibidi ndala zetu tuzikalie kwa sababu ya kima, aliitazama picha hiyo kwenye simu yangu akacheka, akanipa penseli. "Hesabu petali, binti."

Rangi zile zilipangwa Magharibi, karne ya 20. Shairi la Kisanskriti ambalo wengi hulitegemea, la Purnananda wa Bengal, ni la mwaka 1577, na ndani yake ua la moyoni ni jekundu, si la kijani, na la kitovuni lina rangi ya wingu zito la mvua. Jaji mmoja wa Calcutta, John Woodroffe, alilitoa kwa Kiingereza mwaka 1919, na hapo ndipo wageni wengi walipoanza kuzisikia chakra. Hata idadi yake si moja: mapokeo mengine yana tano, mengine nane. Hapa nafuata sita na utosi.

Mimi ni muuguzi. Nimesimama chumba cha upasuaji miaka mingi na sijaona ua ndani ya mtu. Zichukue chakra kama ramani ya kuelekezea akili, na usiache dawa zako kwa ajili yake.

Sasa kaa. Kunja kanga mara nne uweke chini ya makalio, nyonga ziwe juu kuliko magoti. Bila hivyo mgongo utapinda kabla hujafika kitovuni. Pumua kwa pua tu, na usibane pumzi. Siku ya pili mimi niliibana kwa ubishi, nikaona nyota mchana.

Peleka akili kwenye msamba. Hapo ni Muladhara, mzizi unaobeba: petali 4, na ndani yake mraba wa njano, ndio alama ya udongo. Sauti yake ni *lam*. Usiitamke kama Lamu iliyokatwa mkia. Ile a ni fupi, mdomo umefunguka nusu, na mwisho mzee wetu aliupeleka puani kama ng' ya ng'ombe. Wanafunzi wa Kizungu walihangaika nayo wiki nzima. Mimi nilipata siku ile ile, nikajisikia sana. Ukiipata utahisi mtetemo fuvuni. Rudia mara saba, kila moja kwa pumzi moja ya kutoa.

Panda chini kidogo ya kitovu: Svadhisthana, petali 6, mwezi mwandamo mweupe, maji, *vam*. Kitovuni ni Manipura, mji wa vito, petali 10, pembetatu nyekundu ya moto, *ram*. Hapa watu hukunja uso na kukaza tumbo. Liachie.

Kifuani usiharakishe. Anahata maana yake ni isiyopigwa: sauti isiyotokana na vitu viwili kugongana. Petali 12, nyota ya pembe sita yenye rangi ya moshi, upepo, *yam*. Baada ya mara saba nyamaza kidogo usikilize. Mimi husikia mapigo yangu tu, na wakati ule nilikuwa nikisikia pia mashine ya mama iliyobaki masikioni, lakini mzee alisema hayo yanatosha kuanzia.

Kooni ni Vishuddha, petali 16, duara jeupe la anga, *ham*. Kati ya nyusi ni Ajna, yaani amri, petali 2 tu, *om*.

Chukua penseli: 4, 6, 10, 12, 16 na 2. Jumla 50, ndizo herufi za Kisanskriti kwa hesabu yao, na kila petali ina herufi yake. Irabu zote 16 zimekaa kooni, na ukitamka "aaa" utajua kwa nini: hakuna ulimi wala meno yanayozizuia. (Sisi tuna tano, tunaishi vizuri tu.) Utosini, pale panapodunda kwa mtoto mchanga, ni Sahasrara ya petali 1,000, yaani herufi zile 50 mara 20. Huko usitamke kitu. Kaa kimya, pumzi kumi hivi.

Nimeulizwa na shangazi yangu, mtu wa swala tano, kama hii ni ibada. Sikumficha. Katika mapokeo yenyewe kila kituo kina mungu wake, Brahma kwenye mzizi, Vishnu kinachofuata, Rudra kitovuni, na silabi hizo hutumika katika ibada. Anayeona haimfai aziache. Shangazi huketi na kutembeza akili kutoka msamba hadi utosi kwa pumzi tupu, na anasema goti limepungua kumsumbua. Nadhani ni ile kanga chini ya makalio.

Usiishie juu. Wanaomaliza utosini huinuka na kizunguzungu, na mapokeo nayo hurudisha mzizini nguvu inayoaminika kupanda katika safari hii. Teremka kituo kwa kituo, sauti mara moja moja: *om, ham, yam, ram, vam, lam*. Ukifika kwenye udongo, bonyeza viganja sakafuni, fungua macho, na usiinuke mpaka miguu iache ganzi.