Somo: Kuprinti picha zilizo kwenye kompyuta kwa printa ya kuchomeka kamera

Kuna zile printa ndogo za picha, zinazotoa karatasi ya sentimita 10 kwa 15, ambazo zimeundwa kamera ichomekwe moja kwa moja bila kompyuta kupita katikati. Mtu anaipata, anachomeka kamera, picha inatoka safi. Halafu anakumbuka kwamba picha anazozitaka hasa zimelala kwenye kompyuta miaka kadhaa, na kamera iliyozipiga ilishakufa zamani. Hapo ndipo mtihani unapoanza.

Yangu ilinilia jioni nzima. Nilijaza picha kwenye flashi, nikaichomeka kwenye tundu la mbele lenye alama ya kamera, taa ya chungwa ikawaka, printa ikakaa kimya. Nikachomoa, nikachomeka, nikazima, nikawasha. Kimya kilekile. Kumbe printa haikuwa mbovu. Mimi ndiye nilikuwa sijui inazungumza na nani.

Mwaka 2003 chama cha watengenezaji kamera cha Japani, CIPA, kilitoa kanuni inayoitwa PictBridge, ili kamera ya kampuni yoyote ielewane na printa ya kampuni nyingine. Kwa kanuni hiyo, kwenye waya wa USB printa ndiyo mwenyeji na kamera ni mgeni wake. Kompyuta nayo siku zote ni mwenyeji. Ukiichomeka kwenye tundu la kamera umekutanisha wenyeji wawili, kila mmoja anasubiri mgeni abishe hodi. Kwa hiyo kuna njia mbili tu: ama uingie kwa mlango wa kompyuta kama upo, ama picha zako uzivalishe nguo za kamera.

Hatua ya 1: Igeuze printa uitazame mgongoni

Tundu bapa la mstatili ni la kamera. Tafuta jingine, la karibu mraba, lililokatwa pembe mbili za juu. Wengi hawalioni kwa sababu liko nyuma au limefunikwa na kimfuniko cha mpira. Kama lipo, umepona: nunua waya wa kawaida wa printa, weka draiva (programu inayoiwezesha kompyuta kuielewa printa) ya modeli hiyo kutoka tovuti ya mtengenezaji, na uprinti kama unavyoprinti barua. Ukifika kwenye dirisha la kuprinti, chagua mwenyewe karatasi ya 10 kwa 15 isiyo na ukingo. Kompyuta ikiachiwa ichague, mara nyingi itakuletea A4, na picha itatoka kipande.

Draiva ikigoma kwa sababu Windows yako ni mpya kuliko printa, usiitupe printa. Kwenye Linux, mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta, kuna mkusanyiko wa draiva unaoitwa Gutenprint, wa bure, na printa nyingi za familia ya Canon SELPHY CP bado zinafanya kazi humo.

Onyo moja: usitafute waya wenye vichwa bapa pande zote mbili eti uunganishe kompyuta na lile tundu la kamera. Pande zote zinasukuma umeme wa volti 5, hazitaelewana, na unaweza kuunguza kimoja.

Hatua ya 2: Hakuna tundu la mraba, au draiva imekataa? Chukua kadi

Hapa unahitaji kadi ya kumbukumbu inayoingia kwenye printa yenyewe, au kwenye kamera yoyote nzima yenye PictBridge. Hakikisha haina kitu unachokihitaji, kisha ifomati ndani ya kamera, si kwenye kompyuta. Kamera itaiandaa vile inavyopenda yenyewe.

Umri wa printa una maana kubwa hapa. Kadi za SD za mwanzo ziliishia GB 2. SDHC, za hadi GB 32, zilianza 2006, na SDXC, za juu ya hapo, zilitangazwa 2009 zikiwa na mpangilio mwingine kabisa wa mafaili. Printa iliyotengenezwa kabla ya aina fulani ya kadi kuwepo haitaisoma hata uibembeleze. Ile kadi ndogo ya zamani uliyoidharau ndiyo dhahabu yako leo.

Hatua ya 3: Andaa picha

Ikate kwanza kwa uwiano wa 3 kwa 2. Kisha angalia pikseli: kwa nukta 300 kwa inchi, karatasi hii inahitaji 1800 kwa 1200. Zikizidi hakuna ubaya. Zikipungua sana, nyuso zitatoka kama zimetazamwa kupitia kioo chenye mvuke.

Hifadhi kama JPEG ya kawaida, rangi za RGB. Kuna aina ya JPEG iitwayo "progressive", inayofunguka kwa ukungu kisha inajisafisha polepole, iliyotengenezwa kwa ajili ya intaneti. Programu nyingi za kuhariri zina kisanduku chake kwenye dirisha la kuhifadhi: kitoe alama. Printa nyingi ndogo zinaikataa aina hiyo bila kusema sababu, na mtu anabaki anailaumu kadi.

Hatua ya 4: Jina na makazi

Hatua hii ndiyo iliyonikwamisha mimi. Kamera huweka picha kwa utaratibu uitwao DCF: folda kuu ni DCIM, ndani yake folda yenye tarakimu tatu, kuanzia 100 hadi 999, zikifuatiwa na herufi tano. Ndani ya hiyo, kila picha ina herufi nne na tarakimu nne. Hakuna nafasi wala mbwembwe nyingine.

Picha yangu iliitwa "mama bustanini mpya (2) mwisho.jpg". Niliibadilisha ikawa PICH0001.JPG, nikaiweka ndani ya DCIM/101PICHA, nikarudisha kadi. Kioo kidogo cha kamera kikafumba, kikafumbua, na mama huyo hapo na kopo lake la kumwagilia. Ni picha ileile, pikseli zilezile. Kilichobadilika ni jina na mahali pa kulala.

Hatua ya 5: Printi moja kwanza

Itoe kadi kwenye kompyuta kwa kuiaga (amri ya "Eject"), si kwa kuinyofoa. Iweke kwenye printa au kamera, uchague picha moja, uprinti. Ikitoka vizuri ndipo ulete kundi.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, shukrani kwa somo. Sasa mbona printa ya jirani yangu inasoma flashi kwenye tundu hilohilo la kamera?

Jibu: Zipo zinazokubali, mkuu, ila mtengenezaji alikusudia hivyo na mara nyingi ameandika kwenye kitabu chake. Kamera ina kichwa: inaiambia printa "nichapie hii, nakala mbili". Flashi ni sanduku tu. Printa lazima iwe na akili ya kulifungua sanduku na kioo cha kukuonyesha kilichomo. Isiyo na kioo inategemea kioo cha kamera, ndiyo maana yangu ilinyamaza.

Swali: Picha zangu zilitoka kwenye simu zikiwa na mkia wa HEIC. Nimeziandika .JPG, majina nimefuata kama ulivyosema, bado zinakataliwa.

Jibu: Ulichobadilisha ni kibandiko cha chupa, dawa ndani ni ileile. iPhone zilianza kuhifadhi kwa HEIC mwaka 2017, na printa nyingi za aina hii ni za kabla ya hapo. Ifungue picha kwenye programu ya kuhariri, halafu uihifadhi upya kwa kuchagua JPEG. Hapo ndipo inageuka kweli.

Swali: Mwalimu, mimi zinatoka vizuri ila watu wa mstari wa nyuma wamekatwa vichwa.

Jibu: Picha yako ni ya uwiano wa 4 kwa 3, karatasi ni 3 kwa 2. Piga hesabu: ikijaa urefu wa sentimita 15, kimo chake kinatakiwa kuwa 11.25, na karatasi ina 10. Sentimita moja na robo lazima ipotee, na printa inapunguza juu na chini bila kuangalia kuna kichwa cha nani. Ndiyo maana nikasema ukate mwenyewe kwanza. Kama hakuna cha kupoteza, ongeza ukanda mweupe kushoto na kulia mpaka picha ifike 3 kwa 2.

Swali: Kamera inasema picha haiwezi kuonyeshwa, ila za kwake yenyewe inazionyesha. Majina nimehakiki mara tatu.

Jibu: Basi ni Exif. Ndani ya kila picha ya kamera kuna maelezo yaliyofichwa pamoja na kipicha kidogo cha kuonyesha haraka, na baadhi ya programu za kuhariri zinavifuta, hasa ukichagua kuhifadhi kwa ajili ya wavuti. Rudia kutoka faili la asili na hifadhi ya kawaida. Kama printa yako ina tundu la kadi, iruke kamera kabisa. Kwa uzoefu wangu printa haichagui sana kama kamera.

Swali: Nimechomeka kamera kwenye kompyuta nirudishie picha humo, kompyuta inaruhusu kutoa tu, kuweka hairuhusu.

Jibu: Kamera nyingi hujitambulisha kwa kompyuta kwa njia ya kutoa picha tu. Angalia kwenye menyu ya USB kama kuna chaguo la kuifanya ionekane kama diski. Usipoliona, usipoteze muda, tumia kisoma kadi.

Swali: Samahani kwa swali la kizembe. Karatasi ilitoka ya njano tupu, nikajua wino mwingine umeisha, nikaivuta. Sasa printa inawaka taa nyekundu.

Jibu: Pole dada, si la kizembe. Hiyo ni printa ya utepe, haina wino wa maji. Karatasi inatoka na kurudi mara nne: kwanza njano, ukiangalia unaona kivuli tu cha picha, kama imepigwa jua miaka mingi. Ikirudi inapakwa wekundu na nyuso zinaanza kuonekana, kama za watu wenye homa. Ya tatu ni samawati, ndipo nywele zinakuwa nyeusi na majani kijani. Ya nne ni utando wa kuikinga. Ukiivuta katikati, karatasi imekufa na kipande hicho cha utepe kimekwenda. Zima, chomoa umeme, toa trei na katriji ya utepe, uondoe karatasi iliyobaki bila kulazimisha. Kama utepe umelegea, zungusha gurudumu lake taratibu mpaka ukaze, kisha urudishe. Na uache nafasi nyuma ya printa, karatasi inatokeza huko pia. Yangu iligonga ukuta mara mbili kabla sijaelewa.