Kutafuta dhahabu kwenye kichaka cha upupu

Kila mwaka mvua za vuli zikishakatika, napanda basi la alfajiri stendi ya Moshi, nashuka Korogwe, natafuta gari la Handeni. Begini nina karai, nyundo, kinu kidogo cha chuma na viroba vya kitambaa. Nina pia vitu ambavyo wenzangu wengi hawabebi: koti la mvua, glavu za mpira na selotepu pana tatu. Hivyo ni kwa ajili ya upupu. Nilianza kutafuta dhahabu upande wa Handeni na Kilindi nilipoacha udalali wa mawe ya vito pale Mererani, na wadogo zangu wa Moshi na Arusha wameniuliza mara nyingi kwa nini naingia pale watu wanapopakimbia.

Naingia kwa sababu hapajakanyagwa. Makorongo ya wazi yameshachimbwa, yakaoshwa, na marudio yake, yaani mchanga uliobaki, yakaoshwa tena. Kichaka chenye upupu mchungaji anakizunguka, mkata mkaa anakiacha, na mchimbaji akikiona anasema kesho. Mwamba ulio ndani yake unaweza kuwa haujawahi kugongwa na nyundo. Si kwamba upupu unapenda kuota juu ya dhahabu, hapana. Umekaa tu mlangoni kama mlinzi.

Basi mjue huyo mlinzi kabla ya kumkaribia. Upupu ni ndugu wa maharage: mtambaazi unaopanda miti, majani matatu kwenye kikonyo kimoja, maua ya zambarau yanayoning'inia kwa vishada. Baada ya maua huja maganda yaliyopinda kama herufi S, urefu wa kidole, yamevaa manyoya ya kahawia yanayong'aa kama mahameli. Kinachowasha ni manyoya hayo. Kila unyoya ni sindano ndogo iliyobeba kimeng'enya kinachoitwa mukunaini, na muwasho wake haupiti njia ya mzio tuliyoizoea. Ndiyo maana mtu anameza Piriton na bado anajikuna mpaka ngozi inachubuka.

Vijana wengine husoma maelekezo ya watafutaji wa California, huko ambako dhahabu ilionekana Januari 1848 na watu wakamiminika kwa maelfu mwaka uliofuata. Wao wana kichaka chao kinachowatesa, cha ukoo mmoja na mwembe na mkorosho. Nacho kina majani matatu matatu, lakini sumu yake ni mafuta, yapo kwenye jani, shina na mzizi, tena hung'ang'ania kwenye nguo na mpini wa sururu muda mrefu. Malengelenge hutoka baada ya siku moja au mbili. Aliyewahi kurukiwa na mafuta ya ganda la korosho anaelewa nasema nini. Wao wanaambiwa wakimbilie sabuni na maji, na kwa mafuta hayo ni sahihi. Kwa upupu, ukianza kwa kusugua unayazamisha manyoya na kuyasambaza. Upupu hutolewa kwanza, kuosha kunafuata.

Kalenda ndiyo kinga kubwa kuliko nguo zote. Kwa jinsi nilivyouzoea ule upande, maganda huanza kukauka masika yakishapita, na kuanzia Julai hadi Oktoba usiingie kichakani hata kwa dawa. Upepo ukivuma tu, manyoya yanapeperuka na kukufuata ulipo. Nilijifunza hilo mwezi wa Agosti, mimi na mpwa wangu. Tulikuwa hatujagusa ganda hata moja, tumekaa chini ya mti tunakula mihogo, upepo ukageuka. Yeye aliingiwa machoni. Nilimtembeza kilomita kadhaa nimemshika mkono kama kipofu, na njia nzima nilikuwa namwambia asifikiche. Tangu siku hiyo kichakani naingia Januari na Februari, wakati majani ni mabichi, maganda ya msimu uliopita yamepigwa na mvua yakaanguka, na kwenye makorongo bado kuna maji ya kuoshea. Kiangazi nakitumia kwa sehemu za wazi.

Na msichome moto kichaka ili kisafishike. Mbali na kwamba unaharibu pori la watu, joto hurusha manyoya kabla hayajaungua, na unayavuta kwa pua.

Kabla ya kutumia nauli, fanyeni mazoezi hapahapa nyumbani. Mlima wetu ni wa volkano na sijawahi kuona dhahabu kwenye mito yake, lakini mchanga wa Mto Karanga una kitu kizuri cha kufundishia mkono: ule mchanga mweusi unaorukia sumaku. Nenda kwa fundi wa matairi, muombe vile vipande vya risasi vinavyobandikwa kwenye ringi wakati wa kubalansi gurudumu. Hakikisha ni risasi kweli, kisu kinaikata na sumaku haiitaki. Kata vipunje kumi vidogo kama chembe za chumvi ya mawe, vigonge vibaki bapa, vichanganye na karai la mchanga, kisha osha. Ukimaliza hesabu. Ukipata sita, wewe bado. Ukipata kumi mara tatu mfululizo, mkono umeiva, kwa sababu dhahabu ni nzito kuliko risasi: uzito wake ni mara 19.3 ya maji, risasi mara 11.3 tu, na lile jiwe jeupe la kwatzi halifiki hata mara 3. Nawa mikono vizuri baadaye, risasi ni sumu.

Namna ya kuosha ni hii. Jaza karai theluthi mbili, lizamishe, vunjavunja udongo wa mfinyanzi kwa vidole mpaka uyeyuke, maana mfinyanzi hubeba dhahabu ukaondoka nayo. Toa mawe, lakini yatazame kabla ya kuyatupa. Kisha tikisa kwa nguvu kulia na kushoto, kizito kishuke chini. Ndipo uinamishe karai mbele kidogo, maji yachukue tabaka la juu. Wanaoanza hukosea hapa: wanaendelea kumwaga bila kutikisa tena. Mwaga kidogo, tikisa, mwaga kidogo, tikisa. Ukibaki na kijiko cha mchanga mweusi, weka maji kidogo, uzungushe taratibu, na dhahabu kama ipo itabaki nyuma kama mkia.

Sasa porini. Anzeni na ofisi ya kijiji na mwenye shamba, na muulize Tume ya Madini kama eneo lina leseni ya mtu. Ombeni leseni ya uchimbaji mdogo, ambayo ni ya Watanzania, kabla ya kuanza. Kuchimba kwenye leseni ya mwenzako ni wizi, hata kama hujamwona pale mwaka mzima.

Mavazi: chagueni kitambaa laini kilichofumwa kwa kubana, au nailoni. Sweta na fulana za kufuma zinanasa manyoya kama chanuo. Mimi navaa overoli, koti la mvua juu yake, gambuti, na miguu ya suruali naitoa nje ya gambuti ili kinachoteleza kisiingie kwenye kiatu. Glavu ziwe za mpira, zile za kitambaa zinaugeuza mkono kuwa brashi ya upupu. Miwani kama ya fundi wa kukata vyuma, kofia, na kipande cha khanga shingoni. Khanga hiyo ifunge kabla hujaingia, na usiitumie kufutia jasho. Jasho liache litiririke.

Ukifika pembeni mwa kichaka usikimbilie kukata njia. Simama upande unakotoka upepo, tazama juu, maana maganda yananing'inia kichwani na si miguuni. Kisha tafuta vichuguu. Hapa nakaa kidogo, kwa sababu kichuguu kimenipunguzia taabu kuliko kifaa chochote nilichonunua. Mchwa wanaufuata unyevu chini sana na kupandisha udongo wa huko juu. Ukichota udongo wa kichuguu umepata sampuli ya chini bila kuchimba, na juu ya kichuguu kikubwa mara nyingi unapata pa kusimama pasipo mtambaazi. Udongo uliotupwa nje na mhanga, yule mnyama mla mchwa, au ngiri unafanya kazi hiyohiyo. Piga chini kwa fimbo kwanza na usitie mkono shimoni. Nyoka kifutu hakimbii akisikia hatua zako, analala palepale akikusubiri umkanyage.

Chota kiasi kilekile kila mara. Mimi natumia ndoo ya lita 10, kwa sababu ukichota ndoo hapa na nusu ndoo pale, hesabu zako hazilinganishiki. Viroba nimevishona kutoka kwenye shuka kuukuu, kila kimoja kina namba kwa kalamu ya wino usiofutika, na namba hiyo naiandika daftarini pamoja na mahali: mbuyu uko upande gani, hatua ngapi kutoka korongoni, ramani ya simu inasomaje.

Anza korongoni. Chimba kwenye kona ya ndani ambako maji hupunguza mwendo, nyuma ya mawe makubwa, na kwenye nyufa za mwamba wenyewe, si kwenye mchanga wa juu. Ukipata punje, panda korongo ukipima kila hatua 50. Mahali punje zinapokatika ghafla, rudi nyuma kidogo: zilikuwa zinaingia kutoka ubavuni. Sasa panda ubavu. Weka mstari wa sampuli unaokatiza mteremko, kila hatua 20, osha zote, andika idadi ya punje. Sogea juu, mstari mwingine. Utaona eneo lenye punje linazidi kuwa jembamba kadiri unavyopanda, kama pindo la sketi linavyoelekea kiunoni. Punje nazo zinabadilika: za korongoni ni bapa na zimelainika, za karibu na chanzo zina ncha na pengine zimeshikana na kwatzi. Ukifika mstari usio na punje kabisa, mwamba wako uko kati ya huo na ule wa chini yake. Sasa ndiyo mnakata njia ya kuingia kichakani, nyembamba, mnakoelekea mnakujua. Mtu aliyefyeka kichaka kizima ili atafute amejiwasha bure.

Tafuta kwatzi iliyo na kutu, yenye vishimo kama sega la nyuki, mahali madini ya chuma yalipooza yakatoka. Kwatzi nyeupe pe kama sukari mara nyingi haina kitu. Upande wa Handeni natazama pia mawe meusi yenye vichembe vyekundu vya ganeti, na kwa sisi tuliopita Mererani ganeti si mgeni. Ponda jiwe kwenye kinu likawe unga, osha kama udongo. Kinachong'aa kipeleke kivulini: ulanga unametameta ukiugeuza na kuzimika, dhahabu ina rangi ileile juani na kivulini. Kibonyeze kwa sindano. Pairiti, ile inayong'aa kama dhahabu, inavunjika, dhahabu inabonyea. Zebaki haihitajiki katika hatua hii hata tone, na mtu akikwambia umwagie zebaki karaini ili "uone vizuri", kataa.

Mkirukiwa na upupu pamoja na yote hayo, fanyeni hivi. Simama. Usikune, usifute kwa kiganja. Toka kwenye upepo, mwenzako mwenye glavu akusaidie kuvua nguo kwa kuzigeuza ndani nje. Bandika selotepu juu ya ngozi, bana, vuta, tupa kipande, chukua kipya. Rudia mpaka muwasho upungue. Selotepu ikiisha, kanda unga wa sembe na maji uwe donge gumu linalonata, ulibingirishe juu ya ngozi bila kusugua, au paka tope zito, liache likauke kabisa kisha ulibandue. Hapo ndipo unaoga kwa maji mengi yanayotiririka na sabuni. Machoni usiweke chochote ila maji safi, mengi, robo saa nzima au zaidi, kisha hospitali ya karibu siku hiyohiyo. Mpwa wangu alipona, lakini aliumwa wiki nzima na mimi sikulala. Anayepumua kwa shida naye hasubiri kesho.

Nguo za kichakani hazirudi Moshi ndani ya begi la nguo nyingine. Mimi nazifunga kwenye kiroba peke yake, na nikifika nyumbani hazivuki kizingiti: zinaloweshwa uani kwenye ndoo yake, kwa glavu, zinasuuzwa mara tatu, maji yanamwagwa shimoni na si bustanini. Kamba yake ya kuanikia ni ile ya ukutani nyuma, mbali na kamba ya nepi za mjukuu.