Mwenye kisukari, kabla hujafunga Ramadhani

Usisubiri mwezi uandame. Nenda kliniki wiki 6 hadi 8 kabla. Dawa zikibadilishwa, huchukua muda kujua zinakukubali vipi, na usiku wa daku ya kwanza si wakati wa kuanza kujaribu.

Ukifika, swali la kwanza ni kama wewe ni wa kufunga. Aliyelazwa ndani ya miezi 3 iliyopita kwa sukari kushuka au kupanda mno, mwenye figo zilizochoka, mjamzito anayechoma insulini, na yule ambaye sukari humshuka bila kuhisi dalili yoyote, hao wasifunge. Wengi wenye kisukari cha aina ya kwanza wamo humo. Aya ya 185 ya Surat al-Baqara imempa mgonjwa ruhusa. Suala la kulipa siku au kutoa fidia mpelekee sheikh wako, pamoja na maelezo ya daktari.

Mashine ya kupimia iwe na betri nzima, na stripu zihesabiwe mapema. Kupima mara 3 kwa siku kwa mwezi mzima ni stripu 90, yaani karibu vikopo 2 vya 50. Kama mfuko hauruhusu, usiache kipimo cha saa 10 jioni, cha kabla ya daku, na cha wakati wowote unapojihisi vibaya. Funga kifuniko barabara. Stripu zikiingia unyevu husoma uongo. Na kama unaogopa saumu, wanazuoni wengi wanasema kutoboa kidole hakufunguzi.

Sasa dawa. Metformini haisumbui sana: anayemeza mara 2 humeza futari na daku, wa mara 3 huunganisha ya mchana na ya futari. Insulini ya mchanganyiko hugeuzwa: dozi kubwa ya asubuhi huhamia futari, na ile ya jioni hupunguzwa, mara nyingi hadi nusu, ikachomwa wakati wa daku. Anayechoma uniti 30 asubuhi na 20 jioni anaweza kuishia na 30 futari na 10 daku. Huo ni mfano; hesabu yako aifanye daktari anayeona vipimo vyako.

Kidonge cha kuangalia kwa macho mawili ni glibenklamidi, ambayo wengi huijua kwa jina la Daonil. Huilazimisha kongosho kutoa insulini, umekula au hujala. Kisa chake ni kilekile kila mwaka. Mzee anameza kidonge chake cha miligramu 5 wakati wa daku, kama alivyozoea kukimeza kabla ya chai ya asubuhi, na daku yenyewe ni chai na kipande cha mkate. Saa 9 alasiri amenyamaza. Saa 10 anamjibu mkewe kwa ukali asio nao siku zote, na shati limelowa jasho. Nyumbani wanasema ni njaa ya saumu. Mwenyewe anasema zimebaki saa 2 tu, avumilie. Saa 11 na nusu anatetemeka na haelewi anachoulizwa. Anapewa maji ya sukari, anazinduka, watu wanamshukuru Mungu, anakunywa uji kidogo, analala.

Kumwacha alale ndiko kunakoua. Kidonge hiki hufanya kazi hadi saa 24, na kwa mzee mwenye figo dhaifu hata zaidi, ilhali sukari ya vijiko 3 huisha mwilini upesi. Inashuka tena usiku wa manane, na anayelala naye anadhani amechoka na tarawehe. Aliyeshushwa na kidonge hiki hadi kuchanganyikiwa apelekwe hospitali hata kama ameshaamka na anacheka, akeshe chini ya uangalizi. Bora zaidi, omba mapema kubadilishiwa upewe gliklazidi, ambayo hatari yake ya kushusha sukari ni ndogo.

Kwa hiyo patana na watu wa nyumbani kabla ya mwezi kuandama: ikisoma chini ya 3.9, unafungua, hata adhana ikiwa imebakiza dakika 5. Ikisoma zaidi ya 16.6, unafungua vilevile, unakunywa maji na kutafuta matibabu. (Hizo ni namba za mashine za mmol/L; za mg/dL zitaonyesha 70 na 300.) Iliyoshuka hutibiwa kwa vijiko 3 vya chai vya sukari ndani ya nusu glasi ya maji, au nusu ya soda ya mililita 300, kisha pima tena baada ya dakika 15. Aliyezimia usimtie chochote mdomoni; mlaze ubavu, mkimbize hospitali.

Futari zetu ni wanga juu ya wanga: muhogo wa nazi, viazi vitamu, magimbi, tambi, kaimati, juu yake uji wa sukari. Chagua wanga mmoja, kiasi cha ngumi yako, ujaze sahani kwa samaki, kunde na mboga. Tende moja hadi tatu zinatosha. Daku icheleweshe, kula saa 5 usiku ukalala hadi asubuhi ni kurefusha saumu ambayo kwetu tayari inapita saa 13.

Tarawehe ni mazoezi, ihesabu hivyo, na usiongeze mazoezi mengine kabla ya magharibi. Miguu ikaguliwe kila usiku, hasa kwa waliokufa ganzi, maana sakafu na uwanja wa msikiti wakati wa adhuhuri vinaunguza bila mtu kujua. Siku ya Idi dozi zirudi kama daktari alivyoelekeza, asubuhi hiyohiyo. Wapo wanaosahau wakaendelea kuchoma dozi kubwa usiku na kulala. Na anayefunga sita za Shawwal apange upya tangu mwanzo, na vipimo vya Ramadhani aende navyo kliniki vikiwa vimeandikwa kwenye daftari.