Elimu rika ya afya ya akili sekondari: hatua kwa hatua, kuanzia njia ya rufaa

Kijana mwenye mzigo moyoni humwambia kwanza anayekaa naye dawati moja, mwalimu baadaye, kama atamwambia kabisa. Mwongozo huu ni wa walimu wa Mwanza wanaotaka kumwandaa huyo wa dawati moja awe mwelimishaji rika, yaani mwanafunzi anayewasaidia wanafunzi wenzake. Kazi yake ni mbili: kusikiliza, na kumfikisha mwenzake kwa mtu mzima. Hapimi ugonjwa wala hatibu.

Hatua ya 1: Tengeneza njia ya rufaa

Kosa baya kuliko yote ni kufundisha wanafunzi kwanza, mtaalamu akatafutwa baadaye. Mtoto anafunguka Jumanne, na shule nzima hakuna anayejua apelekwe wapi.

Teua walimu walezi wawili, wa kike na wa kiume, wasioshika kiboko. Zungumza na afisa ustawi wa jamii na kituo cha afya cha karibu. Kesi nzito zitakwenda hospitali ya Sekou Toure au ya Bugando, kwa hiyo ulizeni mapema siku za kliniki ya afya ya akili. Andikeni namba zote kwenye karatasi moja, pamoja na 116, ya huduma kwa mtoto, isiyolipiwa. Kisha iteni wazazi, muwaeleze na kupata ridhaa yao.

Hatua ya 2: Chagua kwa kura ya siri

Kila mwanafunzi aandike majina matatu ya wenzake ambao angewaambia shida yake. Chukua wanne kwa kila mkondo, wasichana wawili na wavulana wawili. Usiwateue viranja kwa sababu tu ni viranja: anayeandika majina ya wapiga kelele haambiwi siri. Kidato cha nne waache, mtihani unawasubiri.

Hatua ya 3: Fundisha kwa vipindi sita vya dakika 80

Viwili vya kwanza ni vya dalili. Usibandike orodha ndefu ukutani. Kesho yake nusu ya darasa watasema wana sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha. Fundisha maswali matatu: Nini kimebadilika? Kimedumu wiki mbili au zaidi? Kinamzuia kula, kulala, kusoma au kukaa na wenzake?

Mfano wa huku kwetu. Mwanafunzi wa Igombe anasinzia kila siku kipindi cha kwanza. Inawezekana usiku anasaidia kazi ya dagaa. Dagaa huvuliwa kwa taa wakati wa giza, na mbalamwezi ikiwa kubwa wavuvi hupumzika. Mbalamwezi ikija naye akachangamka, huo ulikuwa uchovu wa kazi, na nao una mazungumzo yake na mzazi. Lakini wavuvi wakiwa wamepumzika na yeye bado hana usingizi, haji mpirani, chakula anamwachia mwenzake, hapo mwelimishaji rika amsogelee.

Cha tatu na cha nne ni vya kusikiliza. Kaeni watatu watatu: msemaji, msikilizaji, mtazamaji, dakika tano, kisha mbadilishane. Mtazamaji ahesabu mara ambazo msikilizaji amekatiza. Mazoezi yasikike hivi:

— Siku hizi sikuoni mazoezini.
— Nimechoka tu.
— Umechoka tangu lini?

Halafu anyamaze. Ukimya huo ndio mgumu kuufundisha. Wengi huruka na "usijali, muombe Mungu tu" au "mbona mimi yalinikuta makubwa zaidi", na mlango unafungwa. Sala ina nafasi yake, ila isitumike kumnyamazisha mtu.

Cha tano ni cha hatari. Mambo matatu hayawi siri: anayetaka kujiua, anayefanyiwa ukatili, anayetaka kumdhuru mwingine. Mwelimishaji aseme hivyo *kabla* ya kusikiliza, si baada ya kuambiwa. Akiwa na hofu aulize waziwazi: "Umewaza kujiua?" Swali hilo halimpandikizii mtu wazo; humpa nafasi ya kusema. Jibu likiwa ndiyo, asimwache peke yake hata dakika moja. Watembee pamoja hadi kwa mwalimu mlezi, siku hiyohiyo. Namna watu wanavyojiua isijadiliwe kamwe darasani.

Cha sita, wafundishane wenyewe huku mwalimu akiangalia.

Hatua ya 4: Ingieni madarasani

Dakika 40 kila wiki mbili, waelimishaji wawili, mada moja. Wekeni sanduku la maswali lenye kufuli, ufunguo akae nao mwalimu mlezi, alifungue kila siku ya shule. Likifunguliwa mbele ya darasa, mwandiko utatambuliwa na sanduku litakuwa tupu mwezi ujao. Kwenye daftari andikeni tarehe, mada na idadi ya waliohudhuria. Habari za mtu zisiandikwe humo.

Hatua ya 5: Walindeni waelimishaji

Kila Ijumaa nusu saa na mwalimu mlezi: nani amesikia jambo zito, nani amechoka. Anayeanza kukosa usingizi kwa ya wenzake apumzishwe wiki mbili bila kutangazwa, na yeye mwenyewe asikilizwe.