Somo: Kupanga vitu katika nyumba ndogo bila ya kuvifungia hewa

Assalaam aleikum ndugu zangu. Wengi wetu tunaishi chumba na ukumbi. Kitanda, kabati na friji vikishaingia, mtu hupita kwa ubavu. Ushauri unaotolewa kila mara ni kununua kabati jengine, nami naupinga. Visiwani kwetu Zanzibar kinachoharibu vitu vilivyowekwa ni unyevu kuliko hata ufinyu. Masika yakiingia, nguo iliyosongwa hufanya koga, kiatu cha ngozi hugeuka cheupe na mbao ya chini ya kabati huvimba. Kwa hiyo kabla ya kuuliza kitu kitaenea wapi, uliza upepo utapita wapi.

Hatua ya 1: Toa vyote nje, siku ya jua kali

Usianze wakati wa masika. Subiri kipupwe au siku kavu za kaskazi, utoe vitu uwani au barazani na uvianike. Gawa mafungu: vya kila siku, vya msimu (futari, Idi, shughuli), karatasi muhimu, na vya kutoa. Fungu la mwisho liondoke nyumbani siku ileile. Likilala ndani usiku mmoja, litarudi kabatini.

Hatua ya 2: Uvungu wa kitanda

Hapa ndipo penye mali, na ndipo tunapopachezea. Fanya hesabu. Kitanda cha futi 5 kwa 6 kikiwa na uvungu wa sentimita 40, unapata zaidi ya mita moja ya ujazo. Kabati la upana wa sentimita 90, kina cha 50 na urefu wa 180 halifiki hapo, na linakula sakafu ambayo kitanda kimeshaichukua. Wazee wetu waliolala kwenye vitanda vya samadari, virefu mpaka mtu apande kwa kigoda, walikuwa wanajua walifanyalo.

Kitanda chako kikiwa kifupi, mwambie seremala akuongezee miguu ya mbao ngumu. Matofali chini ya miguu yanafaa kwa muda tu, na wenye watoto wanaorukaruka wasiyatumie kabisa.

Sasa ya kuweka. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, basi usiweke huko kitu unachokitaka kila asubuhi. Weka mashuka ya wageni, mazulia, masinia makubwa, nguo za Idi. Usitandaze mzigo sakafuni. Tengeneza chaga ya fito au mbao nyembamba iliyoinuka kiganja kimoja, ili hewa ipite chini na mchwa waonekane mapema. Masanduku yawe na magurudumu au kamba ya kuvutia. Kila mwezi vuta yote, fagia, acha wazi mchana mzima. Anayekaa bondeni ambako maji huingia ndani mvua zikizidi, huku chini aweke vya plastiki na vya bati tu.

Hatua ya 3: Ukuta, kila mmoja na tabia yake

Nyumba za mawe za Mji Mkongwe zina vyumba virefu vyembamba, kwa sababu upana ulifuata urefu wa boriti za mikoko zilizobeba dari. Panga vitu upande mmoja tu wa ukuta mrefu. Ukijaza pande zote mbili chumba kinakuwa kichochoro. Kuta hizo ni za mawe ya matumbawe na chokaa, na zinapumua: unyevu unaoingia hutoka taratibu. Mtu akiona koga akapiga lipu ya saruji juu yake, unyevu hufungiwa ndani na chokaa huanza kumung'unyuka. Piga chokaa, na uache vidole vinne baina ya kabati na ukuta.

Vidaka, yaani vile vishimo vya kuwekea vitu vilivyomo ukutani tangu zamani, vitumieni! Nasikitika nikiona kidaka kizuri kimezibwa kwa tofali, halafu pembeni yake pamewekwa shelfu ya plastiki. Kuchonga kipya ni jambo jengine. Mji Mkongwe umo katika Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000, hivyo Mamlaka ya Mji Mkongwe iulizwe kabla fundi hajashika nyundo.

Nyumba ya udongo: gonga kwa kidole utafute mti uliosimama ndani, msumari uingie hapo. Ukipigwa kwenye udongo mtupu, shelfu itaanguka na kipande cha ukuta.

Hatua ya 4: Juu ya mlango

Ubao mmoja mrefu juu ya mlango, ukutani kwa ndani, hubeba mabegi ya safari na mito. Vizito visiwekwe huko, wala chupa.

Hatua ya 5: Jikoni

Sufuria ziingiane, mifuniko itundikwe. Vitunguu na viazi vikae ndani ya pakacha au kikapu cha ukili kinachoning'inia, kwani kwenye mfuko wa plastiki huoza upesi. Mchele na unga viwe kwenye ndoo za mfuniko wa kubana. Mtungi wa gesi usimame wima, mahali penye dirisha au mlango wa uwani. Usifichwe uvunguni wala ndani ya kabati, kwa kuwa gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa na ikivuja hutuama chini.

MASWALI YA WANAKIKUNDI

*Mimi ni mpangaji, mwenye nyumba hataki hata tundu moja. Nifanyeje?*

Dada, tumia ngazi ya mbao. Iegemeze ukutani, uifunge juu kwenye nondo za dirisha isiteleze, kisha tundika kanga, mikoba na taulo kwenye vipago. Ukihama unaondoka nayo.

*Niko kwenye maghorofa ya Michenzani, msumari unapinda tu.*

Ukuta wa zege hautaki msumari. Mwite fundi mwenye mashine ya kutoboa, atie vipande vya plastiki ndani ya matundu ndipo afunge skrubu. Mwonyeshe kwanza nyaya za umeme zinapopita, kutoka kwenye swichi kwenda juu.

*Nipo Wete. Kanga zangu zinanuka koga hata nikizifua. Niweke vile vidonge vyeupe?*

Bibi, vidonge vya nafthalini havizuii koga, hufukuza wadudu tu. Na kama nyumbani kuna mtoto mchanga, visikae na nguo zake wala za anayembeba: wapo watoto wenye upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, na mvuke wa vidonge hivyo huweza kuvunja chembe zao za damu wakapata manjano, yaani macho na ngozi kugeuka rangi ya njano. Wewe uko Pemba, karafuu si tatizo. Zikaushe barabara, zifunge kwenye kitambaa chepesi ili mafuta yake yasitie madoa, kisha zitie baina ya kanga. Lakini karafuu hazitafanya kazi ikiwa kanga zimekunjwa na ubichi. Baada ya pasi, ziache zipoe na zikauke kabisa kabla ya kuzikunja. Moshi wa udi hutia harufu nzuri, haukaushi.

*Vyombo vya shughuli je? Nina masinia kumi na mbili na masufuria ya pilau, natumia mara mbili kwa mwaka.*

Mama, hivyo visikae kwako peke yako. Kubalianeni nyumba tatu au nne za jirani au za ukoo: mmoja aweke masinia, mwengine masufuria, mwengine majamvi. Tieni alama ya rangi chini ya kila chombo, na muwe na daftari moja la nani kachukua nini. Masufuria ya pilau yapinduliwe mdomo chini juu ya chaga, yasikae na maji ndani, na yapakwe mafuta kidogo ya nazi kama ni ya chuma.