Somo: Umehamia Kigoma kikazi? Hospitali ya serikali au ya binafsi

Wageni hawaishi kuja Kigoma: Wakenya na Waganda wa mashirika yanayohudumia kambi za wakimbizi kama Nyarugusu, watafiti wa sokwe wa Gombe, mafundi wa reli. Wakishapata nyumba wanauliza hospitali nzuri ya binafsi iko wapi. Kwa Nairobi au Dar ni swali zuri. Huku anza na ugonjwa: homa na kikohozi uvipeleke popote upendapo, lakini kwa makubwa nafasi ya kuchagua ni finyu.

Hatua ya 1: Jua nani ana nini. Serikali inapanda ngazi: zahanati, kituo cha afya, hospitali ya wilaya, halafu Maweni, hospitali ya rufaa ya mkoa. Juu ya hapo ni Bugando, hospitali ya rufaa ya kanda iliyoko Mwanza. Vya binafsi mjini vingi ni vidogo: pasafi, foleni fupi, daktari anakusikiliza hadi umalize. Wageni husahau kundi la tatu, hospitali za madhehebu. Kabanga kule Kasulu ni ya Wakatoliki, Heri ni ya Wasabato. Ukipangiwa kazi wilayani, hizo zichunguze kwanza.

Hatua ya 2: Nenda kabla hujaugua. Chagua vituo viwili, ingia, uliza. Maabara inafungwa saa ngapi? Usiku kuna daktari, au muuguzi wa zamu peke yake? Oksijeni ipo? Upasuaji mnafanya hapa? Damu mnayo?

Hilo la damu ndilo chujio. Mama anayetokwa damu baada ya kujifungua, au kijana wa bodaboda aliyevunjika paja, hasaidiwi na kiyoyozi cha mapokezi. Atapakiwa kwenye gari apelekwe Maweni, na muda umeshaliwa. Kwa dharura ya aina hiyo, mwambie dereva aende Maweni moja kwa moja.

Nako serikalini ujiandae. Unafungua faili, unalipa, unamwona daktari, unarudi kulipia vipimo, unasubiri maabara, unamrudia daktari, ndipo dirisha la dawa. Hapo nako unaweza kuambiwa hii hamna, kanunue nje. Ukilazwa, chakula na kufuliwa nguo ni kazi ya ndugu. Mgeni ndugu hana! Panga mapema na mwenzako wa kazini nani atakuletea uji. Uliza pia kama kuna wodi ya kulipia na huduma ya haraka. Watu wengi hawajui kwamba hospitali za serikali nazo huwa na vitu hivyo.

Hatua ya 3: Soma bima yako. Kama mwajiri amekuingiza NHIF, yaani Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, mchango ni asilimia 6 ya mshahara, mnagawana nusu kwa nusu, na kadi inatumika serikalini na kwa binafsi waliosajiliwa. Ila usibweteke: Machi 2024 hospitali kadhaa kubwa za binafsi zilisitisha kupokea kadi hizo kwa mvutano wa bei za kitita kipya cha huduma za bima hiyo. Piga simu kwanza. Bima nyingi za nje zinataka ulipe mfukoni halafu udai, kwa hiyo risiti na majibu ya vipimo usitupe. Angalia pia kama inagharamia ndege ya wagonjwa. Hicho kipengele, kwa umbali wa Kigoma, kina thamani kuliko meno na miwani.

Hatua ya 4: Malaria. Ukitoka nyanda za baridi, homa yoyote pima siku hiyohiyo. Kipimo cha haraka kinatoa majibu ndani ya nusu saa, hata zahanati. Dawa mseto ni siku tatu. Maliza hata ukijisikia mzima.

MASWALI YA WANACHAMA

*Mkuu, mke wangu ni mjamzito, tupo Kasulu. Kliniki ya binafsi inatosha?*
Kliniki ya kila mwezi haina shida. Kujifungua, chagua penye chumba cha upasuaji na damu. Hifadhi namba 115 ya m-mama. Ni bure, inaita usafiri wa dharura kwa mjamzito na mtoto mchanga.

*Mimi nipo Tabora, mambo ni hayohayo?*
Karibu yaleyale, kaka. Kitete ndiyo rufaa ya mkoa, na ukiwa upande wa Igunga kuna Nkinga, ya kanisa. Nanyi mna lami ya kwenda Mwanza kupitia Nzega.

*Nina presha, dawa zangu natoa Nairobi. Nitazipata?*
Za kawaida utazipata, ila jina la kiwandani linaweza kuwa tofauti. Njoo na jina halisi la dawa na kipimo chake kwenye karatasi ya daktari, pamoja na akiba ya miezi miwili.

*Kwa nini nisipande tu ndege kwenda Dar kila nikiumwa?*
Kwa jino au miwani, panda dada. Kwa degedege saa nane usiku, ndege itakayokungoja ni ipi?